Mbuzi mwenye mimba: wiki 6 za mwisho usizichezee

Mimba ya mbuzi au kondoo huchukua siku 150 hivi, na watoto huongezeka uzito zaidi wiki 6 za mwisho. Mapacha hubana tumbo la chakula, hivyo maganda na majani makavu anayookota mbuzi wa mtaani humjaza bila kumtosheleza. Hapo mwili huyeyusha mafuta yake kupita kiasi na sumu inayotokana nayo humlegeza: anajitenga, anasaga meno, pumzi inanukia utamu. Wapo wanaodhani mnene yuko salama. La, naye huugua. Pumba ni ghali, kweli, lakini kibaba asubuhi na jioni, ukianza kidogokidogo, ni nafuu kuliko kupoteza mama na watoto. Akigoma kula, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.