Somo la Mwezi: Sungura Mdogo Aliyekonda



Juzi msichana wa miaka 11 hapa Malaba alinijia na sungura wake ndani ya katoni. Tumbo limefura, lakini ukipapasa mgongo ni mifupa tupu. Huyu si sungura wa kuchinja. Ana jina, na mtoto hucheza naye akitoka shule. Akaniuliza, "Mwalimu, atakufa?"

Nikamwuliza anakula nini. Kumbe ni mahindi yanayomwagika kwenye malori pale foleni, ugali uliobaki, na maziwa ya ng'ombe, kwa sababu jirani alisema yatamnenepesha. Tena alinunuliwa sokoni Busia akiwa na wiki 4 tu.

Kwa nini anakonda?

Kwanza, aliachishwa mapema. Watoto wa sungura huanza kuonja majani wakiwa na wiki 3 hivi, lakini tumbo bado changa. Wasitengwe na mama kabla ya wiki 6. Wiki 8 ni bora zaidi.

Pili, chakula si chake. Sungura ni mnyama wa nyasi. Nafaka nyingi na maziwa ya ng'ombe humharisha.

Tatu, yaweza kuwa ugonjwa. Koksidia, vijidudu vya utumbo, huwashika sana wadogo: tumbo linafura, mwili unakwisha. Angalia na meno pia. Yasipokutana sawasawa, anataka kula lakini hawezi.

Mpime kama mtoto wa kliniki

Akina mama, mnajua kadi ya kliniki. Basi fanya vivyo hivyo. Manyoya hudanganya macho. Kila Jumamosi mtie ndani ya kikapu, mpime kwa mizani ya dukani, toa uzito wa kikapu, andika kwenye daftari. Usimlinganishe na wa jirani, maana aina si moja. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Mdogo anayekua lazima uzito upande. Ukisimama au ukishuka, kuna shida.

La kufanya

1. Nyasi kavu, safi, ziwepo mchana na usiku.
2. Majani ya viazi vitamu au kishona nguo, kidogo kidogo, bila umande. Majani ya nyanya, viazi vya kizungu na muhogo usimpe.
3. Usibadilishe chakula ghafla. Punguza cha zamani na kuongeza kipya kwa siku 7 hadi 10. Maziwa yenyewe acha leo.
4. Maji safi kila siku.
5. Kizimba kiinuliwe, kiwe kikavu, na kinyesi kiondolewe kila siku.
6. Ukimwona anakula kinyesi chake laini, mwache. Ndivyo alivyoumbwa kupata vitamini zake.
7. Akihara, au asipokula kwa nusu siku, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usimpe dawa za watu zilizobaki nyumbani. Amoksilini ya kumeza yaweza kumwua sungura.

Neno la mwisho

Nakiri kosa langu. Zamani tuligawia watoto wa kikundi chetu sungura waliotolewa kwa mama mapema mno. Wengi walikufa, na watoto wakadhani ni wao wamewaua. Hakuna aliyewaeleza, hata mimi.

Yule wa Malaba alipimwa gramu 600. Wiki ya pili, 600 tena. Ya tatu, 680. Bado ni mwembamba, lakini mtoto ameshika daftari na anajua anachofanya. Methali 12:10 hutukumbusha kwamba kumjali mnyama wako ni sehemu ya haki.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Tunawauzia watoto sungura wa wiki ngapi?
2. Mnyama wa mtoto akifa, nani hukaa naye na kumweleza sababu?
3. Nani katika Jumuiya ana mizani tunayoweza kutumia pamoja?