Tajiri Mpya Hawezi Kuwa Mwokozi

Masomo: 1 Samweli 8:1-22; Zaburi 146



Kama umekulia Mwanza, habari za Pamba umezisikia nyumbani. TP Lindanda ilishuka Ligi Kuu mwaka 2001, na iliporudi mwaka 2024, mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka 23. Safari hii ilirudi kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Wengi tukapumua: sasa timu ina mwenyewe, shida zimekwisha.

Kumbe bado! Msimu wa 2024/25 ulianza kwa tabu. Mwezi Oktoba kocha Goran Kopunovic akaondoka, akaja Fred Felix Minziro. Timu ilibaki Ligi Kuu, ila kwa jasho. Mmiliki analipa mishahara, lakini hapigi penalti.

Yanga nao walilijua hili. Marehemu Yusuf Manji aliibeba klabu ile akiwa mwenyekiti na mfadhili, ikachukua ubingwa mara tatu mfululizo. Mei 2017 akajiuzulu. Muda si mrefu fedha zikakauka, mashabiki wakaombwa kuchangia timu, na ubingwa ukakaa Simba misimu minne. Manji alitoa mengi, na anastahili shukrani. Tatizo lilikuwa klabu kubwa kuegemea mfuko wa mtu mmoja.

Sasa fungua Biblia. Wazee wa Israeli hawakukosa sababu ya kulalamika: wana wa Samweli walikuwa wala rushwa. Lakini badala ya kudai haki na kumrudia Mungu, wakataka mfalme kama mataifa mengine, awapiganie vita vyao. Samweli akawaonya kwamba mfalme huyo atachukua vijana wao, mashamba yao na sehemu ya kumi ya mazao yao. Hawakusikia. Mungu aliwaruhusu wapate mfalme, kwa hiyo uongozi wenyewe si dhambi. Kosa lao lilikuwa kumpa mwanadamu nafasi ya Mungu. Zaburi 146 inatukumbusha kwa nini hilo ni hatari: hata mkuu wa wakuu, pumzi ikimtoka, mipango yake inaishia siku hiyohiyo.

Hapa tujiangalie wenyewe. Kikundi cha vijana parokiani kikilala, tunasema tunasubiri mlezi mpya. Kijana hana kazi, anamsubiri mjomba wa Dar au mheshimiwa aliyeahidi wakati wa kampeni. Jamani, ukimtumainia mtu kupita kiasi unapata hasara mara mbili: unaacha kufanya sehemu yako, na unaacha kumuuliza maswali. Nani atamdai kiongozi hesabu ikiwa tumeshamfanya mwokozi?

Simaanishi tusimwamini mtu yeyote. Mheshimu kiongozi, mwombee, mshukuru mfadhili. Lakini lipa ada yako, njoo kwenye mkutano, omba usomewe mapato na matumizi. Huko si kukosa adabu. Ni kumsaidia kiongozi asianguke.

Na tusisahau, sisi wenyewe tuna mwenye mali. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba tulinunuliwa kwa thamani (1 Kor 6:20). Thamani hiyo ni damu ya Kristo. Huyu hakuchukua watoto wetu wala mashamba yetu, alijitoa Yeye mwenyewe. Msimu ukiwa mbaya, hajiuzulu.

Maswali ya kutafakari
1. Ni nani ninayemsubiri anifanyie kazi ambayo Mungu amenipa mimi?
2. Katika jumuiya au kikundi changu, ni swali gani naogopa kumuuliza kiongozi?
3. Wiki hii nitachangia nini: muda, fedha au nguvu?

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe ndiwe tumaini letu. Wape viongozi wetu moyo wa utumishi, nasi utupe ujasiri wa kutimiza sehemu yetu. Amina.