SOMO LA ROBO HII: Bandari Inayojiendesha na Watu Wake

Kontena tunalizungumza pale tunapolisubiri: vitanda vya zahanati vimefika bandarini, karatasi bado. Safari hii tuangalie upande wa pili, Hamburg, Ujerumani.

Mwaka 2002 kilifunguliwa huko kituo cha makontena cha Altenwerder, ambacho kazi zake nyingi hufanywa na mitambo inayoongozwa na kompyuta. Meli zilikuwa zinazidi kuwa kubwa na kushusha mzigo mwingi kwa mara moja. Nafasi ni finyu, mishahara ni mikubwa. Kreni ya gatini hushusha kontena, kisha gari lisilo na dereva hulipeleka uwanjani, likitambua njia kwa vifaa vidogo vilivyofukiwa ardhini. Uwanjani kreni mbili huhudumia safu zilezile, moja ikiwa ndogo kiasi cha kupita chini ya mwenzake. Hazigongani.

Hata hivyo mtu bado yupo. Kufuli za chuma zinazoshikanisha makontena melini hutolewa kwa mikono, na mafundi wanahitajika saa zote. Aliyekosa nafasi ni dereva wa kati ya gati na uwanja. Kule Rotterdam, Uholanzi, ambako magari ya namna hii yalianza kazi mwaka 1993, wafanyakazi waligoma kwa saa 24 Januari 2016 wakitaka ajira zao zilindwe, na mwaka huohuo wakapata makubaliano. Kwa maoni yetu, walifanya vema kuuliza mapema.

Tena Altenwerder kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima wa matunda. Ili bandari ipanuke, wakazi walihamishwa kuanzia miaka ya 1970. Wa mwisho aliondoka mwaka 1998. Lililobaki ni kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Gertrud na makaburi yake, likizungukwa na miti, makontena yakiwa jirani. Ibada bado hufanyika humo. Washarika wake hutoka kwingine, maana kijiji hakipo.

Kwa kamati zinazoandaa maombi ya mashine ya kusaga au kukamua alizeti: andikeni pia majina ya wanaoifanya kazi hiyo sasa kwa mikono, na watakachofanya mashine ikifika. Fomu yetu haina nafasi ya jambo hilo. Tumieni ukurasa wa nyuma.