Kesho Unaanza Kupeleka Barua

Mafunzo yako yamekwisha. Umekaa posta, umechambua barua, umejaza daftari. Kesho asubuhi utapewa mkoba, nawe utatoka peke yako. Huenda usiku wa leo usingizi usije upesi. Si neno. Tuzungumze kidogo juu ya kazi hiyo.

Katika Tanzania barua nyingi haziendi moja kwa moja nyumbani kwa mtu. Huishia kwenye sanduku la posta. Ndiyo maana tunaandika S.L.P. kwenye anwani. Sanduku moja laweza kuwa la shule, la kanisa au la kijiji kizima. Watu wengi hutumia namba moja na ufunguo mmoja. Toka sandukuni mpaka mlangoni kwa mwenye barua, hapo ndipo kazi yako ilipo.

Soma bahasha yote. Usisome jina la kwanza tu ukaridhika. Tuseme umeshika barua ya Mariamu Saidi. Kijijini wako akina Mariamu Saidi wawili. Mmoja ni mkunga, mwingine ni mke wa fundi baiskeli. Utampa nani? Tazama kama liko jina la tatu. Geuza bahasha usome jina la mtumaji nyuma. Kisha uliza, "Shikamoo mama. Una ndugu Tanga?" Akisema hana, usimpe. Mwulize balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji. Ukishindwa kabisa, irudishe posta. Barua iliyorudi si aibu yako. Barua iliyopewa mtu mwingine ndiyo aibu.

Siku hizi bahasha nyingine zina postikodi. Hiyo ni namba yenye tarakimu tano. Ya kwanza yaonyesha kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Namba ikianza na 41, barua ni ya Mkoa wa Dodoma. Ukiikuta mkobani mwako nawe uko Kigoma, mtu amekosea kuchambua.

Sasa barua ya rejista. Hii ina namba yake na risiti yake. Mtumaji amelipa zaidi ili ijulikane imepita mikononi mwa nani. Huenda ndani mna cheti au hati ya shamba. Mpe mwenyewe, naye atie saini daftarini. Kama hajui kuandika, atie dole gumba, na wewe umsomee kwanza anachokitilia dole. Mtoto atakuja mbio akisema, "Nipe, nitampelekea bibi." Usimpe. Jirani atasema, "Mimi ni kama ndugu yake." Usimpe. Na usimtilie mtu saini, hata kama jua ni kali na nyumba yake iko ng'ambo ya mto. Siku hati ikipotea, daftari litafunguliwa, na mwandiko wako utakuwa pale.

Utakutana pia na jambo ambalo mafunzoni hutajwa haraka mno. Wazee watakuomba uwasomee barua. Wewe mwenyewe ulikuwa hujui kusoma si zamani, kwa hiyo unajua moyo wa anayeomba. Kubali, lakini msogee kando, mbali na wageni. Soma yaliyoandikwa, hata yakiwa machungu. Usipunguze, usiongeze. Ukitoka pale, funga mdomo. Kilabuni watakuuliza, "Mzee kaandikiwa nini?" Jibu ni kwamba hukuona. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda mawasiliano ya mtu binafsi. Hata kusema tu kwamba fulani amepata bahasha ya hospitali ni kumvua nguo mbele za watu.

Simu zimepunguza sana barua za salamu. Lakini cheti chenye muhuri hakipiti katika simu, wala kifurushi.

Namjua kijana mmoja aliyechaguliwa kwenda sekondari. Barua ya kumwita ilifika sandukuni mapema. Mwenye ufunguo aliiweka juu ya kabati, akingoja mtu wa upande ule apite. Ilipomfikia kijana, nafasi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine. Mwenye ufunguo hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Nitaipeleka kesho."

Kagua mkoba wako leo. Je, kitambaa chake kinavuja? Tia mfuko wa nailoni ndani, maana wino ukilowa anwani haisomeki. Chukua kalamu mbili.

Zoezi

1. Andika anwani yako kamili, pamoja na kitongoji na kata.
2. Kijijini kwenu wako watu wangapi wenye jina kama lako? Utawatofautishaje katika bahasha?
3. Mume anataka kupokea barua ya rejista ya mkewe. Mke yuko shambani. Utafanya nini? Jadilianeni darasani.