SOMO LA ROBO HII: Kwa nini maziwa humkubali mmoja na kumkataa mwingine?



Bugarama si dhahabu tu. Ng'ombe walikuwepo hapa muda mrefu kabla mgodi wa Bulyanhulu haujafunguliwa mwaka 2001, na kamati nyingi zinapoandika mradi wa lishe huanza na maziwa. Lakini katika ziara zangu nakutana na swali lile lile: watoto wawili wa nyumba moja wanakunywa maziwa, mmoja anaendelea kucheza, mwingine tumbo linajaa gesi na anaharisha. Wapo wanaosema anadeka, na wapo wanaomtafuta mchawi. Tuangalie ndani ya seli.

Sukari ya maziwa huitwa laktosi. Ili imeng'enywe, utumbo mdogo unahitaji kimeng'enya kiitwacho laktasi. Maelekezo ya kukitengeneza yamo katika jeni. Kila mtu anayo jeni hiyo, ila haifanyi kazi mpaka inakiliwe. Kazi ya kuiamsha ni ya protini amilishi. Hizi hushika sehemu maalumu ya DNA, kisha huita mtambo wa seli unaonakili jeni. Sehemu hiyo yaweza kuwa mbali na jeni yenyewe, kama swichi ya ukutani inavyowasha taa ya darini.

Kwa watu wazima wengi duniani, jeni ya laktasi hupunguza kazi baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Hilo si ugonjwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba kwa wengi wanaomudu maziwa ukubwani, hasa katika jamii za wafugaji wa Tanzania na Kenya, herufi moja tu ya DNA imebadilika, G kuwa C, umbali wa herufi 14,010 kabla ya jeni kuanza. Utafiti wa maabara wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa badiliko hilo huifanya protini amilishi iitwayo Oct-1 ishike DNA kwa nguvu zaidi. Hivyo jeni huendelea kunakiliwa, na laktasi hupatikana hata uzeeni.

Kwa hiyo, mradi wa maziwa usipime watoto wote kwa kikombe kimoja. Anayesumbuliwa apewe kidogo kidogo, pamoja na chakula, au apewe mtindi, kwa kuwa bakteria wa mtindi wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Maziwa yachemshwe, maana uchafu nao huharisha. Mtoto mchanga asiachishwe ziwa la mama kwa sababu hii. Kuharisha kusikokoma au kwenye damu ni kwa zahanati, si kwa kamati.

Maswali ya kujadili:
1. Je, katika mradi wetu kuna mtoto tuliyemwita mkaidi kwa kukataa maziwa?
2. Je, bajeti yetu ina fungu la kutengeneza mtindi?