Acha Mkeka Kwanza: Tiba ya Yoga kwa Mtu wa Voi

Mtu akikujia Voi na kukwambia mgongo unamuuma, acha mkeka pembeni vile vile ulivyokunjwa. Mpe kiti, mpe maji ya kunywa, kisha mwombe akusimulie siku yake ya jana tangu alipoamka hadi alipolala. Usimkatize. Utasikia mambo ambayo fomu ya "unaumwa wapi, tangu lini" haiyafikii: kwamba aliamka saa kumi usiku kuwahi foleni ya maji, kwamba alibeba mtungi wa lita 20 mara tatu kwa mkono ule ule, kwamba hakutia kitu tumboni mpaka saa nane mchana, kwamba yeye na shemeji yake hawajaongea tangu mazishi ya mzee. Ukimaliza kusikiliza, tayari una kazi ya wiki tatu mkononi, na hujamwambia ainue hata kidole.

Walimu wengi wa yoga huanzia upande wa pili, kwenye mikao. Yoga inayotufikia siku hizi kupitia simu na mahoteli ya watalii huwa ni mwili tu: nyoosha, pinda, toa jasho, piga picha. Kuna wanaofanya kazi kubwa ya kuieneza. Africa Yoga Project, iliyoanza Nairobi mwaka 2007, imewatoa vijana wengi wa mitaani wakawa walimu wanaojilipia kodi ya nyumba, na hilo si dogo. Lakini darasa la watu 40 wanaokwenda mwendo mmoja ni mazoezi ya viungo. Kumtibu mgonjwa ni kazi nyingine, na anayezichanganya humuumiza mtu.

Mizizi yenyewe inasemaje? Yoga Sutra ya Patanjali ina sutra 195, wengine huhesabu 196, na ni tatu tu zinazozungumzia mkao. Hakuna hata mkao mmoja uliotajwa humo kwa jina. Mkao ni hatua ya tatu kati ya nane. Kabla yake kuna namna ya kuishi na wenzako, kutodhuru na kusema kweli zikiwa za mwanzo, kisha namna ya kujitunza mwenyewe. Baada yake inakuja pumzi, kuzituliza hisi, kukaza fikra, kutafakari, na mwisho ule utulivu ambao wachache huufikia. Taittiriya Upanishad, kitabu cha zamani kuliko hicho, kinamwona mtu kuwa na matabaka matano: mwili unaojengwa na chakula, pumzi, hisia na mawazo, utambuzi, na raha iliyo ndani kabisa. Huna haja ya kumsomea mgonjwa majina ya Kisanskriti. Yachukue matabaka hayo yawe maswali yako. Anakula nini? Anapumua vipi akiwa amekaa bure? Nini kinamkasirisha? Mwenyewe anadhani ugonjwa wake umetoka wapi? Ni kitu gani kinachomfurahisha, na mara ya mwisho alikifanya lini? Hilo la mwisho wengi hulicheka, halafu hunyamaza.

Aliyeturudishia njia hii katika karne iliyopita ni Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa mwaka 1888. Miaka ya 1930 alikuwa akifundisha vijana wa Mysore kwa ukali na kasi, na sehemu kubwa ya yoga ya jasho inayouzwa leo imetokana na wanafunzi wake wa enzi hizo. Baadaye, akiwa Madras, akawa anawaona watu mmoja mmoja, kila mtu na zoezi lake kulingana na umri, kazi na maradhi yake. Mwanawe, T.K.V. Desikachar, akafungua kituo kwa jina la baba yake mjini humo mwaka 1976. Kwa hiyo mwalimu anayejigamba kwamba mtindo wake wa kasi ndio "wa asili" na amuulize mzee yule kwa nini aliuacha mbele ya wagonjwa.

Sasa tuje nyumbani. Chukua mkulima wa Sagalla mwenye maumivu ya kiuno, kichwa kizito na hasira za karibu. Anakusimulia jana yake, na unagundua kwamba hajalala usiku mzima tangu mahindi yaanze kubeba. Ndovu wanatoka Tsavo Mashariki, naye anakesha shambani na tochi na debe la kupiga. Ukimwambia "jitahidi kulala kwa muda wa saa nane kila usiku" utakuwa umemkejeli. Ukimpa mikao kumi ya kunyoosha kiuno, utakuwa umemwongezea kazi. Mtu huyu anahitaji usingizi, na usingizi wake umeshikwa na ndovu. Mwulize kama yeye na majirani wanakesha kwa zamu au kila mtu anakesha kivyake. Mwulize kama ameona uzio wa mizinga ya nyuki: tangu 2009 shirika la Save the Elephants limekuwa likiujaribu huko huko Sagalla, mizinga imeunganishwa kwa waya, ndovu akiugusa nyuki wanatoka naye anageuza njia. Si lazima uwe mtaalamu wa wanyama. Ila usiku mmoja wa zamu kwa jirani ni sehemu ya tiba, na uuandike kwenye daftari lako juu kabisa, kabla ya zoezi lolote. Kisha mpe kitu kimoja cha mchana: dakika 20 za kulala chali kivulini baada ya chakula, vigimbi vya miguu vikiwa juu ya kiti au gunia, kitambaa machoni. Huo ni mkao wa yoga kama mwingine wowote, na kwake ndio ulio bora.

Pumzi ndiyo dawa ya pili, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Anza kwa kutazama tu. Mtu aliyechoka au mwenye hofu hupumulia juu, mabega yakipanda na kushuka. Mwambie aweke kiganja chini ya kitovu, afunge mdomo, avute pumzi puani kwa hesabu ya 4, aitoe kwa hesabu ya 6, polepole, bila kuibana popote. Hesabu zikienda sambamba na sekunde, hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Dakika tano asubuhi na tano kabla ya kulala zinatosha kwa wiki mbili za kwanza. Asiyeweza 4 na 6 aanze na 3 na 4; mwenye pumu asilazimishwe hesabu yoyote. Zile pumzi za kupiga tumbo kwa kasi na zile za kubana pumzi muda mrefu, ambazo video nyingi zinazisifu, ziache kabisa kwa mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito. Mwenye presha au presha ya macho asiwekwe kichwa chini miguu juu.

Na uulize kuhusu muguka, yale majani ya kutafuna ya kufukuza usingizi, bila kumtolea macho. Dereva wa lori anayelala Voi kuelekea Mombasa, au kijana wa bodaboda wa stendi, anaweza kukuambia moyo unamwenda mbio usiku na kudhani amerogwa. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Taita Taveta, pamoja na zile za Mombasa na Kilifi, ilijaribu kuipiga marufuku, zogo likafika mahakamani. Wewe huna mahakama. Unachoweza ni kukubaliana naye saa ya mwisho ya kutafuna, tuseme saa tisa alasiri, na wiki ifuatayo mtazame pamoja usingizi umekuwaje. Kumfundisha mtu kutulia huku shavu limejaa ni kupoteza wakati wa wote wawili.

Mikao yenyewe iwe michache na itokane na kazi ya mtu. Mkata mkonge wa Mwatate anashinda ameinama, kisu mkononi, akikata majani na kuyafunga miganda. Ukimpeleka darasani ainame tena aguse vidole vya miguu, umemrudisha kazini jioni. Mpe kinyume chake. Asimame hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani usawa wa mabega, avute pumzi huku kifua kikifunguka na macho yakitazama mbele, atoe pumzi na kulegeza, mara sita. Alale chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Akivuta pumzi ainue nyonga kidogo, akitoa azishushe, mara sita. Amalizie kwa kuleta goti moja kifuani, kisha la pili, kichwa kikiwa chini. Mitatu basi. Mkao ufuate pumzi. Pumzi ikikatika au uso ukikunjamana, amepitiliza. Maumivu yakishuka mguuni au yakizidi kesho yake, zoezi lililoleta hayo liondolewe, usilifanyie ubishi.

Vifaa visikusumbue. Leso mbili juu ya jamvi zinatosha, na kiti cha plastiki ni rafiki mkubwa kuliko mkeka wa dukani, hasa kwa bibi mwenye magoti mabovu ambaye akishuka chini hana wa kumwinua. Voi joto halichezi, kwa hiyo fanyeni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Kule Wundanyi mambo ni kinyume: Julai ukungu umekaa mlimani na viungo vimeganda, mwache mtu atembee kidogo, anywe chai, ndipo aguse zoezi.

Tabaka la hisia ndilo wageni hulikwepa, na ndilo watu wa Taita walilijua siku nyingi. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi miongoni mwao miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima mwaka 1978 kuhusu imani yao ya kale: kwamba hasira iliyofichwa moyoni, ya mzazi, ya jirani, hata ya wahenga, yaweza kuleta maradhi, na kwamba njia ya kuiondoa ilikuwa kutasa, mtu akipuliza kwa mdomo maji au maji ya miwa huku akitamka maneno ya kuachilia na kuombea heri. Siandiki hili ili uanze kupuliza maji darasani ukiita yoga ya Kitaita. Hilo lingekuwa wizi wa pande mbili. Naliandika kwa sababu mzee wa Mbololo ukimwuliza, "Mzee, kuna mtu mna neno naye?", hataona umetoka nje ya mada. Uliza, kisha nyamaza. Akisema yupo, usigeuke mshauri wa familia. Mwulize nani anaweza kukaa nao wawili, mjomba, mchungaji, sheikh au mzee wa kijiji, na uandike hilo pia kwenye daftari.

Kutodhuru na kusema kweli, zile mbili za mwanzo kabisa, ndizo zinazokupa mipaka ya kazi. Mgonjwa wa sukari au presha asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri baada ya mwezi wa pumzi. Aipeleke nafuu yake kliniki, daktari apime na aamue. Mwenye mgongo pamoja na ganzi sehemu za siri, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo, huyo ni wa kupelekwa hospitali ya rufaa ya Moi hapo Voi siku hiyo hiyo. Mwenye homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito naye aende akapimwe, maana kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo. Wala usijiite mtaalamu wa fiziotherapia kama huna leseni: tangu sheria ya 2014 kazi hiyo ina baraza lake. Jiite mwalimu wa yoga. Mabango ya "yoga huponya kansa" yachanike hata kama aliyeyabandika ni mwalimu wako.

Kila tarehe 21 Juni, tangu 2015, dunia huadhimisha Siku ya Yoga, na utaona picha za mamia ya watu wakiwa wamenyoosha mkono mmoja. Ni sherehe, furahia. Jumatatu yake rudi kwa mtu mmoja mmoja.

Imebaki dini, nayo usiizunguke. Wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, Wakatoliki wakajenga Bura, na Voi ina misikiti yake tangu enzi za reli. Watu wana haki ya kuuliza wanaletewa nini. Malaysia mwaka 2008 baraza la fatwa liliwakataza Waislamu yoga yenye maneno ya ibada. Kwa hiyo usiseme "yoga haina dini" ili upate wateja. Si kweli, imelelewa miongoni mwa Wahindu, na kuficha hilo ni kuvunja ile kanuni ya pili. Sema ilikotoka, sema ni sehemu gani unayoitumia, na usimlazimishe mtu kutamka neno asilolijua. Dakika za ukimya za mwisho ziwe zake: anayetaka kusali rozari asali, anayetaka kuleta uradi alete, asiye na lolote ahesabu pumzi. Na mchungaji akiwa na wasiwasi kuhusu muumini wake, mwalike aje. Atakuwa na maswali, na pengine naye ana mgongo.