Ukitaka Kusimamia Miradi ya Kompyuta, Anzia Stoo ya Ndengu

Ukimwambia mzazi wako pale Emali kwamba unataka kuwa mwalimu au muuguzi, hakuulizi swali la pili. Mwambie unataka kusimamia miradi ya teknolojia ya habari, uone. Mjibu hivi: kuna mtu anayelipia mfumo wa kompyuta, kuna anayeujenga, na kuna karani atakayeutumia kila siku, na watatu hao mara nyingi hawajawahi kuketi meza moja. Msimamizi wa mradi ndiye anayewaketisha, anaandika walichokubaliana, kisha anafuatilia mpaka mfumo ukabidhiwe ukiwa unafanya kazi. Kompyuta imo, ila siku nzima inaweza kuishia kwenye simu na vikao.

Wanafunzi wengi huanza kwa kuuliza cheti kipi wasomee. Cheti tutakifikia. Kwanza tafuta kazi ndogo ya kweli, yenye mwenyewe, yenye tarehe ya mwisho, na yenye mtu atakayekasirika ikikwama.

Emali hukosi. Mji uko kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, panapochepuka njia ya kwenda Loitokitok, na tangu 2017 una kituo cha reli ya SGR. Kuna mnada wa mifugo, kuna sako za matatu, kuna kliniki. Mimi ningechagua stoo inayonunua ndengu, kwa sababu msimu wake hauna huruma. Ukambani hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, na ndengu huvunwa Januari na Februari. Mfumo wa kurekodi kilo na malipo ya wakulima ukiwa tayari mwezi Machi hauna faida kwa mtu. Kwa hiyo ratiba yako inapangwa kurudi nyuma: Januari mfumo unaanza kazi kwenye mizani, Desemba ni majaribio, Novemba ni kujenga, Oktoba ni kuuliza maswali.

Na maswali ndiyo kazi yenyewe. Usiende na kompyuta siku ya kwanza. Kaa karibu na mizani utazame. Nani anaandika kilo, na anaandika wapi? Mkulima akileta gunia asilipwe siku hiyo, deni linakaa kwenye daftari gani? Stima ikipotea? Simu itakuwa ya nani, na bando atalipa nani? Muulize mwenye stoo kivyake na karani kivyake, maana mbele ya tajiri karani atasema kila kitu ni sawa. Hapa kijana wa Emali ana mtaji ambao hauuzwi chuoni: mji uko mpakani mwa Ukambani na Umaasai, na anayeweza kuuliza kwa Kikamba, akasikiliza Kimaasai, kisha akaandika ripoti kwa Kiingereza, tayari anafanya kazi ambayo mashirika huajiri watu wawili kuifanya.

Ukishauliza, andika ukurasa mmoja. Kitakachofanyika, tarehe, nani ana neno la mwisho, na sehemu ambayo wanaoanza huisahau: kitakachoachwa nje. Mwenye stoo atie sahihi. Wiki tatu baadaye atakuja na wazo: kwa nini tusiongeze na hesabu ya mbuzi? Usikatae, wala usikubali. Mwambie, "Mzee, inawezekana, lakini itachukua wiki mbili na mavuno yatakuwa yameanza. Tuahirishe mizani, au mbuzi wangoje hadi Machi?" Aamue yeye, nawe uandike uamuzi na tarehe.

Majaribio yafanye na watu walewale watakaoutumia mfumo. M-Pesa ilipojaribiwa 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kulipa mikopo yao kwa simu. Wateja wakaanza kuitumia kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Waliokuwa wakisimamia jaribio waliliona hilo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya kutuma pesa. Kama wangeshikilia mpango wa kwanza kwa sababu tu ulikuwa umeandikwa, sijui leo tungekuwa tunatumia nini.

Mradi haujaisha hadi ukabidhiwe, na nywila ikae kwa mwenye stoo, si kwenye simu yako. Halafu kuna majina ya wakulima na namba zao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mradi wa serikali yenyewe uliwahi kujikwaa hapo: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Watu walikuwa wameshajiandikisha na pesa zilikuwa zimeshatumika. Kilichokosekana ni hatua moja ya karatasi, iliyopaswa kutangulia. Hatua za namna hiyo ni jukumu lako kuziweka kwenye ratiba, kwa sababu fundi wa programu hatazikumbuka.

Chuoni, soma teknolojia ya habari au sayansi ya kompyuta badala ya shahada ya usimamizi mtupu. Si lazima uwe bingwa wa kuandika programu, ila fundi akikuambia kazi ya siku mbili itachukua mwezi, uweze kumuuliza kwa nini. Si lazima uende mbali: Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui. Konza, mji wa teknolojia unaojengwa na serikali, nayo iko kwenye barabara ileile kuu ya kwenda Nairobi: ukipita Sultan Hamud na Salama unafika Malili. Maneno kuhusu Konza ni mengi kuliko majengo, lakini kituo cha taifa cha data kipo pale, na atachimenti haiombwi na anayengoja tangazo. Ukipokelewa mahali popote, jitolee kuandika kumbukumbu za vikao. Wenzako wataikimbia kazi hiyo, ilhali anayeiandika ndiye anayejua nani aliahidi nini.

Wakati wa likizo, fungua tovuti ya serikali ya zabuni, tenders.go.ke, usome zabuni za mifumo ya kompyuta. Ni bure. Utaona mnunuzi anataka nini na anaipa kazi muda gani, kisha ujiulize kama wewe ungeiweza.

Sasa cheti. CAPM, ya taasisi ya PMI ya Marekani, inahitaji elimu ya sekondari na saa 23 za masomo ya usimamizi wa miradi, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuifanya. PMP, ya taasisi hiyohiyo na inayotajwa sana kwenye matangazo ya kazi, inataka uwe umeongoza miradi kwa miezi 36 ukiwa na digrii, au 60 ukiwa na diploma, na miradi ya shule haihesabiwi. Anayekuuzia kozi ya PMP ukiwa mwaka wa pili anataka pesa zako tu. Ukishaajiriwa, fungua daftari siku hiyohiyo: jina la mradi, ulipoanza na ulipoisha, ulichofanya, na msimamizi wako alikuwa nani. PMI hukagua baadhi ya maombi na kudai uthibitisho, na bosi wa miaka minne iliyopita si rahisi kumpata kwa simu.